Mama Chenji na Asilimia Nne

Jina la Mama Chenji alipewa na wateja, na alilipata kwa ukaidi wake. Wakati huo maduka yote ya mtaa ule yalikuwa na mchezo mmoja: ukidai chenji ya sarafu, keshia anakusukumia peremende mbili juu ya kaunta na kumgeukia anayefuata, kana kwamba mmeshakubaliana. Yeye hakufanya hivyo hata siku moja. Kila Jumatatu asubuhi alipitia benki kabla ya kufungua duka, akabadilisha noti kuwa sarafu na kuzipanga kwenye vikopo vya mtindi alivyoviosha nyumbani kwake. Mteja akiondoka, ameondoka na haki yake yote mkononi. Mmoja aliwahi kumwambia aachane na visarafu hivyo, havina maana. Mama Chenji akamhesabia kimoja kimoja mpaka cha mwisho, akamwambia kama havina maana akavitupe mwenyewe huko nje, yeye kazi yake ni kumpa.

Duka lilikuwa la miwani. Mbele kulikuwa na fremu ukutani, vioo vya kujitazamia na kaunta ya mbao iliyolainika kwa viwiko vya watu. Nyuma kulikuwa na chumba chenye giza cha kupimia macho, na ubavuni kijichumba cha fundi wa lenzi, ambaye kila alipotoka humo alikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Mama Chenji alikaa kwenye kiti cha keshia miaka ishirini na miwili. Mwenye duka, mpima macho wa watu wazima na watoto wa mtaa mzima, alimwachia funguo zote na hakuwahi kumkagua. Mzee huyo alipofariki, duka likashikwa na mwanawe, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo ingawa kwa mwili alikuwa mara mbili ya baba yake.

Bosi Mdogo hakuwa mtu wa makelele. Alisalimia vizuri, aliulizia hali ya watoto, na mtu akifiwa alikwenda msibani. Tatizo lake ni kwamba hakuweza kukitazama kitu bila kukipigia hesabu. Ndiye aliyeleta mashine ya kadi, na mwanzoni Mama Chenji aliifurahia, maana ilimwondolea noti zilizochanika na zile zinazonuka samaki. Miezi sita baadaye Bosi Mdogo akamwita chumba cha nyuma, akamweleza kwamba benki inakata fedha kwenye kila malipo ya kadi na duka haliwezi kuendelea kubeba mzigo huo. Kuanzia siku hiyo, anayelipa kwa kadi aongezewe asilimia nne.

Mama Chenji alijua kwamba benki ilikata asilimia mbili. Karatasi za benki zilipita mikononi mwake kila mwisho wa mwezi. Akauliza hizo mbili nyingine ni za nini. Bosi Mdogo akataja intaneti, umeme, karatasi za risiti, na usumbufu.

"Usumbufu wa nani?" akauliza.

Bosi Mdogo akacheka, akafikiri ni utani.

Tangazo lilibandikwa ukutani nyuma ya kiti chake, juu ya kichwa, kwa herufi ndogo kama za mstari wa mwisho kwenye ubao wa kupimia macho. Fundi wa lenzi alipoliona alisema mtu anayeweza kulisoma lile hana haja ya kununua miwani. Mama Chenji akaomba libandikwe mlangoni, watu walione kabla hawajaingia. Akakataliwa. Bosi Mdogo alimweleza, bila kuona haya, kwamba mteja akishapimwa macho, akachagua fremu na kujiona kwenye kioo amependeza, hawezi tena kurudi nyuma kwa ajili ya asilimia nne. Ila ukimwambia mlangoni atageuza.

Basi kazi ya kumwambia ikawa ya Mama Chenji, na wakati wa kumwambia ukawa ni pale ambapo kadi tayari iko mkononi. Matusi aliyoyapata mwaka ule hakuwa ameyapata miaka ishirini na mmoja iliyotangulia. Mwanamke mmoja mwenye mkufu mzito alimwita mwizi mbele ya wanawe. Kijana mmoja alipiga picha ya tangazo, kisha akageuza simu akampiga picha na yeye. Mwalimu aliyewahi kumfundisha binti yake hakumtukana, alilipa kimyakimya, ila alipokuwa anatoka alimtazama kwa namna ambayo Mama Chenji aliona afadhali angetukanwa. Nyumbani mumewe, fundi bomba aliyezoea kusikiliza malalamiko ya watu akiwa amelala chini ya masinki yao, alijaribu kumfurahisha.

"Mama watoto, wewe siku hizi umekuwa mdomo wa mashine," alisema. "Mashine ikitaka kuomba, inakutuma wewe."

Alisema kwa mzaha, lakini maneno yalimkaa mkewe kama mfupa kooni.

Akatafuta njia yake. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mashine ya benki ya kutolea pesa. Mteja aliyeonekana mnyonge, au mwenye heshima, au aliyemkumbusha mtu, Mama Chenji alimwinamia na kumnong'oneza avuke pale, atoe pesa taslimu, arudi alipe bila nyongeza. Wengi walimshukuru. Mmoja alimletea ndizi. Alijihisi tena mtu aliyemrudishia mwenzake haki yake mkononi, na kwa miezi kadhaa kazi ikavumilika.

Kulikuwa na mteja mmoja wa zamani, mstaafu wa posta, mzee wa miaka sabini na mitatu. Maisha yake yote alichambua barua, na alijisifu kwamba hakuna mwandiko uliowahi kumshinda, hata wa madaktari. Sasa macho yalikuwa yamechoka sana. Miwani yake ya zamani ilikaliwa na mjukuu na ikavunjika katikati, na kwa wiki mbili alikuwa akitembea kwa kupapasa kuta, akisubiri lenzi zake nzito zisagwe. Siku miwani ilipokuwa tayari alikuja peke yake asubuhi, shati limepigwa pasi, kadi ya pensheni kwenye mfuko wa kifua.

Mama Chenji mwenyewe ndiye aliyemvisha. Mzee akanyanyua uso, akaanza kusoma kila kitu kilichokuwa mbele yake kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza: jina la duka kwenye kalenda, tarehe, maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti ya leso. Fundi wa lenzi akatoka kijichumbani kuja kumtazama, maana kazi ile haimletei mtu sifa nyingi. Kisha mzee akafika kwenye ukuta nyuma ya kiti cha keshia. Akasoma taratibu mpaka mwisho. Uso ukamshuka.

"Hii asilimia nne ni ya nani, mwanangu?"

Mama Chenji akamwinamia, akamnong'oneza habari ya mashine ya benki ng'ambo ya barabara. Mzee akafurahi, akamwambia Mungu ambariki, akashika ukingo wa kaunta ageuke aende.

Sasa duka lilikuwa na sheria, na sheria hiyo ilikuwapo tangu enzi za marehemu: miwani haivuki mlango kabla ya malipo. Iliwekwa baada ya kijana mmoja kukimbia na fremu ya bei mbaya. Mama Chenji aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote, na Bosi Mdogo alikuwa amesimama kule kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kikombe mkononi. Mama Chenji akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Samahani mzee wangu, hii naomba niishike mpaka urudi." Akanyoosha mikono miwili, akamvua. Mzee hakulalamika. Alipepesa macho, akatoka akipapasa fremu ya mlango.

Alikawia. Mama Chenji alihudumia wateja wawili huku akichungulia dirishani, lakini lori la soda lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka na hakuona kitu. Baada ya kama nusu saa mzee akarudi akitokwa jasho. Alisema mashine imemkataa. Vitufe hakuviona vizuri, lakini alibahatika kupata mtu mwungwana, mwenye shati jeupe na manukato, aliyemwonea huruma akamsaidia. Huyo bwana alimbonyezea, akajaribu mara mbili tatu, akamwambia mtandao uko chini, akamrudishia kadi yake na kumshika mkono mpaka ukingo wa barabara. Basi yaishe, mzee alisema. Akate tu hapa hapa na hiyo asilimia nne yake.

Mama Chenji akaipokea kadi. Kabla hajaichomeka, jicho lake likaangukia maandishi. Lilikuwa jina la mwanamke.

"Mzee wangu," alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia inatoka mbali, "hii kadi si yako."

Mzee hakuelewa. Akaambiwa tena. Akaomba aione, akaisogeza puani, kisha akanyoosha mkono kaunta nzima akitafuta miwani, na Mama Chenji ndipo alipomvisha kwa haraka. Mzee akasoma jina la mwanamke asiyemjua. Yeye aliyesoma barua za mji mzima alisoma jina lile mara tatu.

Walipiga simu benki. Muziki ukapigwa. Sauti ikawaomba wasubiri, kisha ikamtaka mzee ataje namba za kadi ambayo hakuwa nayo tena. Walipompata mtu wa kuzungumza naye, pesa zilishatolewa katika mashine tatu tofauti. Ilikuwa ni pensheni ya miezi minne ambayo mzee alikuwa akiiacha ijikusanye kwa ajili ya kuezeka upya chumba kimoja cha nyumba yake. Mtu wa benki akauliza kama namba ya siri alimtajia yule bwana. Mzee, ambaye hakujua kusema uongo, akajibu kwamba ndiyo, alimtajia, maana vitufe hakuviona.

Bosi Mdogo alisogea, akasikiliza, akatoa pole za dhati. Akamletea mzee maji. Halafu akasema miwani isiwe tabu, wataihifadhi vizuri mpaka mzee atakapojipanga. Mstaafu wa posta akaivua mwenyewe safari hii, akaikunja miguu yake na kuilaza juu ya kaunta. Fundi wa lenzi akamsindikiza nyumbani kwa kumshika kiwiko. Mama Chenji hakusema neno. Baadaye, kila alipojihukumu, kitu kilichomuumiza zaidi kilikuwa ukimya ule, kwa sababu alikuwa na mdomo na aliujua vizuri kuutumia.

Kesho yake alifika dukani kabla ya wote. Bosi Mdogo alipoingia, Mama Chenji akamwambia anainunua miwani ya mstaafu. Hakuwa na pesa taslimu za kutosha, akatoa kadi yake. Alitegemea nini, hata yeye hakujua. Bosi Mdogo akasema anamheshimu sana kwa moyo wake, ila akianza kumwondolea nyongeza mfanyakazi mmoja kesho watakuja na wengine. Basi Mama Chenji akakaa kwenye kiti chake, akajipigia bei, akajiongezea asilimia nne kwa kidole chake mwenyewe, akachomeka kadi, akajipa risiti.

Jioni alikwenda nyumbani kwa mzee. Binti yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, ndiye aliyefungua, sindano bado ziko kwenye kola. Alipojua ni nani, hakumkaribisha mara moja. Alimwambia pale pale mlangoni kwamba wao hawakuwahi kumwacha baba yao aguse mashine ya benki peke yake, na kwamba asubuhi ile alitoka kwa sababu aliambiwa dukani wanapokea kadi, hakuna haja ya kusindikizwa. Mama Chenji akakubali kila neno. Mwisho sauti ya mzee ikasema kutoka ndani aachwe apite.

Alikuwa amekaa kitandani, redio imezimwa. Mama Chenji akapiga magoti, akampa kifurushi, akaanza maneno aliyoyaandaa njia nzima: kwamba alitaka kumwokolea pesa, kwamba nia yake ilikuwa njema. Mzee alimsubiri amalize. Akavaa miwani, akamtazama vizuri, na macho yake nyuma ya lenzi nene yalikuwa makubwa kama ya mtoto.

"Kwa ushauri wako sikulaumu," alisema. "Ungeniambia nivuke mto ningevuka, maana nilikuamini. Lakini ulinivua miwani, mwanangu. Ulijua sioni, ukanivua, ukanituma barabarani."

Hakuinua sauti. Hilo ndilo Mama Chenji alilokuwa akilikimbia tangu jana. Mzee aliivaa miwani hiyo, hakuivua tena, na hakusema asante. Mshonaji alipomtoa nje alimwomba jambo moja. Walitaka kuiandikia benki barua ya malalamiko, na waliambiwa shahidi angesaidia. Je, angeandika alichokiona? Mama Chenji akasema ataandika.

Wiki hiyo hiyo Bosi Mdogo alibandika tangazo jipya, na hili lilikuwa kubwa, la rangi, mlangoni kabisa pale alipowahi kukataa: *Kwa usalama wako, usitembee na pesa taslimu. Tunapokea kadi.* Asilimia nne haikutajwa. Akamwita Mama Chenji na kumwelekeza kwamba mteja akisita kuhusu nyongeza, asimtume tena ng'ambo ya barabara, bali amsimulie yaliyompata yule mzee. Watu wataelewa wenyewe. Na kweli walielewa. Mama Chenji alikisimulia kisa kile mara moja tu, kwa mama mmoja kijana aliyekuja na mtoto mwenye makengeza. Alimaliza, mama yule akashika kifua, akatoa kadi haraka, akalipa bila kuuliza. Hata alimshukuru. Mama Chenji akaenda chooni, akafungulia maji ya bomba yatiririke, akalia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Barua yake aliiandika Jumapili mezani kwa mumewe, kurasa mbili za mwandiko safi. Hakujificha popote. Aliandika kwamba duka huongeza asilimia nne ilhali benki hukata mbili. Aliandika kwamba tangazo limewekwa mahali ambapo mgonjwa wa macho hawezi kulisoma. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyemvua mzee miwani na kumtuma. Mumewe aliisoma, akamrudishia, akasema hiyo barua itamla yeye kwanza. Akajibu kwamba anajua.

Benki ilimjibu mzee baada ya wiki tano, kwa aya mbili. Mwenye kadi alitoa namba ya siri kwa hiari yake, kwa hiyo benki haihusiki. Kuhusu nyongeza ya dukani, benki haiingilii bei za wafanyabiashara, ila nakala ya barua ya shahidi wameipeleka kwa mteja wao, mwenye duka, kwa taarifa yake.

Bosi Mdogo alimwita chumba cha nyuma na nakala ile mezani. Hakufoka. Alisema baba yake alimpenda Mama Chenji kama dada, na kwamba anaumia. Akamuuliza ni wapi duka lilimkosea. Mama Chenji akatazama mstari wa mwisho wa ubao wa kupimia macho uliokuwa nyuma ya kichwa cha bosi wake, akagundua kwamba hata yeye siku hizi hausomi bila kukunja uso, na katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumpima.

"Duka halikunikosea," alisema. "Mimi nililisaidia liwakosee watu."

Mchana ule alikabidhi funguo. Fundi wa lenzi alitoka na vumbi lake, akamshika mkono. Vikopo vya sarafu alivikuta siku nyingi havijazwi, akaviacha.

Sasa yuko nyumbani, anapokea simu za wateja wa mumewe na kuwapangia siku. Mzee wa posta alikuwa hai mara ya mwisho alipopata habari zake, na chumba chake bado kinavuja. Mshonaji humsalimia wakikutana sokoni, kwa adabu, bila kusimama.

Mwezi uliopita simu iliita, akadhani ni sinki la mtu. Alikuwa msichana wa kaunta, keshia mpya, namba ameipata kwa fundi wa lenzi. Aliomba samahani mara tatu kabla ya kufika kwenye shida yake. Kuna bwana mmoja amemwita mwizi leo asubuhi, mbele ya watu, na ana wiki moja tu kazini. Alitaka kujua dada mkubwa aliwezaje miaka yote ile. Yale maneno ya asilimia nne mtu anayasema vipi ili wateja wasimchukie.

Mama Chenji alifikiri amwambie aache kazi, lakini hakujua nyumbani kwao wanakula nini. Alifikiri amsimulie habari ya mzee, akakumbuka kisa kile dukani sasa ni mali ya nani.

"Yaseme haraka," alimwambia mwishowe. "Na usiwatazame machoni."

Msichana akashukuru sana, akakata simu. Mama Chenji akavuta daftari la mumewe. Kulikuwa na mama wa ghorofa ya pili ambaye bomba lake la jikoni lilikuwa likidondoka tangu juzi, na alikuwa ameahidiwa saa tisa.